Irabu Zilizopotea: Kuhakiki Kiswahili cha Vijana Katika Simu za Mkononi

Katika mkutano wetu uliopita mwenzetu mmoja alileta hoja ambayo wengi waliipigia makofi kabla hawajaitafakari. Alitaka chama kiwaagize walimu wote wa Kiswahili wayafunge makundi ya WhatsApp ambayo wanafunzi wa vyuo wameyaunda kwa ajili ya somo letu, na kwamba kijana yeyote atakayeonekana akiandika "xaxa" mahali pa "sasa" apunguziwe alama, hata kama ameandika hivyo nje ya darasa. Alisema ya kwamba maandishi hayo ni uchafu unaotiririka kutoka katika simu na kuingia katika insha. Hoja haikupigiwa kura kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha. Halmashauri ikatuomba sisi tuyasome kwanza maandishi yenyewe, kama mhakiki asomavyo kitabu, kisha tuseme tuliyoyaona.

Tumeyasoma. Vijana wa kundi moja la chuo cha ualimu walituruhusu, kwa sharti kwamba tusitaje majina yao wala ya chuo chao, nasi tumelitimiza sharti hilo. Watu hawa si watoto. Wengi wamepita umri wa miaka ishirini, na baada ya muda mfupi watasimama mbele ya madarasa kama sisi. Kwa hiyo tuliyoyasoma ni maandishi ya walimu wa kesho.

Yafaa tuanze na mahali penyewe, maana kazi yoyote ya lugha huzaliwa katika jamii fulani. Sisi tulioko Uganda twajua historia ya Kiswahili nchini kwetu. Mwaka 1973 kilitangazwa kuwa lugha ya taifa kwa amri ya Idi Amin, na kwa wazazi wengi wa kusini mwa nchi kikabaki kuwa sauti ya askari anayebisha mlango usiku. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikipa nafasi ya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kitumike kama lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Hayo ni mambo ya karatasi. Kijana wa kundi tulilolisoma akirudi nyumbani Masaka au Mukono hamkuti mtu wa kusema naye Kiswahili. Baba yake hakitaki, mama yake hakijui, na dukani husemwa Kiluganda. Wenzake wa West Nile na wa Acholi wana nafuu kidogo, kwa kuwa huko lugha hii husikika sokoni na kambini. Kwa aliyebaki, uwanja wa kukitumia Kiswahili bila mwalimu kumsimamia ni mmoja tu, nao ni simu iliyo mfukoni mwake. Mwenye kutaka kuufunga uwanja huo na ajue anafunga nini.

Sasa tuitazame fani. Jambo la kwanza linalomgonga msomaji ni ufupisho. Vijana huandika "ww" kwa wewe, "mm" kwa mimi, "hv" kwa hivi, "jmn" kwa jamani, "vp" kwa vipi. Huandika "cjui" kwa sijui, "cna" kwa sina, "bac" kwa basi, na "2taonana" kwa tutaonana. Mazoea haya hawakuyazua wao. Wameyapokea kutoka kwa rafiki zao wa Tanzania na Kenya, na kutoka kwa wapenzi wa Bongo Fleva wanaoandikiana mitandaoni. Lakini mtu asiseme ya kwamba hayana kanuni. Herufi "c" katika tahajia yetu haina kazi ila inapofuatwa na "h". Vijana wameikuta imekaa bure, wakaipa jina lake la Kiingereza na kuifanya silabi nzima. Tarakimu 2 nayo wameitamka kwa Kiingereza, wakaifanya kiambishi cha nafsi ya kwanza wingi. Ama herufi "x", ambayo alfabeti yetu haina kabisa, wameichukua kama pambo tu. "Xaxa" haimpunguzii mwandishi hata herufi moja, kwa hiyo tusidanganyane kwamba ni ufupisho. Ni vazi la ujana, na kuligombeza ni sawa na kugombeza mtindo wa nywele.

Ufupisho wenyewe una sababu ya kiuchumi. Ujumbe mfupi wa simu, tangu ulipoanza kutumika mwaka 1992, ulikuwa na mpaka wa herufi 160, na kila ujumbe ulikuwa na bei yake. Mpaka huo ulilibana zaidi Kiswahili kuliko Kiingereza, kwa sababu lugha yetu hulundika sarufi yote ndani ya kitenzi. Neno "tutakapowaandikia" lina herufi 17, nalo ni neno moja tu. Mwandishi bado hajasema nani ataandikiwa nini. Akiandika maneno kumi ya namna hiyo amekwisha kuvuka mpaka, na analipia ujumbe wa pili. Hapo kukata irabu kulikuwa hesabu ya fedha. WhatsApp, iliyoanzishwa mwaka 2009, haina mpaka wa namna hiyo. Sababu imekufa, lakini desturi imebaki hai, kama mtu aliyezoea kuinama mlangoni ambaye huinama hata katika nyumba yenye mlango mrefu.

Wenzetu wanaolia ya kwamba maandishi yasiyo na irabu ni balaa lisilopata kutokea, tungewaomba waikumbuke historia ya hati zetu. Utenzi wa Tambuka ulioandikwa Pate mwaka 1728, na tenzi nyingi zilizoufuata, ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Hati hiyo ina alama tatu za irabu fupi, na Kiswahili kina irabu tano. Msomaji wa zamani alipaswa kupambanua mwenyewe kati ya "e" na "i", kati ya "o" na "u", na mara nyingi kati ya "p" na "b" pia. Aliweza kwa sababu aliijua lugha kabla ya kuyajua maandishi. Tahajia hii tunayoilinda kama mali ya mababu ilisanifiwa na kamati iliyoundwa mwaka 1930, katika enzi ya ukoloni. Hatusemi haya ili kuidharau tahajia sanifu, kwa kuwa ndiyo tunayoifundisha na ndiyo inayotulisha. Twasema tu ya kwamba Kiswahili kimewahi kuishi bila irabu kamili na hakikufa.

Hata hivyo kuna mahali ambapo hoja ya mwenzetu ina uzito, ingawa yeye mwenyewe hakupataja. Wakati wa usomaji wetu kundi liliingia katika ugomvi mkubwa. Mmoja wao alikuwa amelazwa hospitalini, na wenzake wakachanga fedha. Kijana mmoja alikabidhiwa mchango aupeleke kwa mwendesha boda boda waliyemfahamu, naye aufikishe hospitalini. Jioni binti aliyekuwa akimwuguza mgonjwa aliandika kundini: "Hkj. Pesa hzjfk." Alikusudia kusema ya kwamba mwendesha boda boda hakuja. Mtunza mchango alisoma "hukuja", akadhani anashutumiwa mbele ya watu wote kuwa ameikalia fedha ya mgonjwa. Hakuuliza. Aliandika maneno makali matatu, akajitoa kundini. Fedha zilifika kesho yake asubuhi. Yule kijana hakurudi kundini kwa muda wa wiki mbili, na mpaka tunapoandika makala hii yeye na yule binti husalimiana kama watu wanaodaiana.

Hebu tuuchambue ujumbe huo mfupi, maana una elimu kubwa ndani yake. Sehemu ya pili, "hzjfk", imekatwa irabu zote, na hakuna aliyeisoma vibaya. Konsonanti "z" yatwambia ni ngeli ya fedha, "j" yatwambia jambo halijatimia, "f" na "k" zatupa mzizi. Mifupa yatosha kumtambulisha mnyama. Lakini "hkj" haina njia ya kujieleza, kwa sababu katika Kiswahili nafsi ya pili na nafsi ya tatu umoja hutofautishwa mara nyingi na irabu peke yake. Wewe ni "u", yeye ni "a". Utakuja, atakuja, hujui, hajui, ulisema, alisema. Ukiondoa irabu hapo umeondoa mtu. Umebaki na tendo lisilo na mtendaji, na kila msomaji hulivika tendo hilo sura ya mtu anayemhofia.

Kauli ya kutendea nayo iko hatarini. Ile "i" au "e" inayobadili "andika" kuwa "andikia", na "soma" kuwa "somea", huanguka bila kuacha alama. Binti mwingine aliandika "nmpk mama", akimaanisha kwamba anampikia mama yake aliyerudi kutoka shamba. Wenzake walicheka siku nzima, wakauliza kama mama anatiwa chumvi. Kinyume chake, kauli ya kutendwa na ya kutendesha hazina hofu, kwa kuwa "w" na "sh" ni konsonanti imara. Vivyo hivyo viambishi vya wakati: "li", "ta", "na" na "me" vyote hubakiza mfupa mmoja. Kwa maneno mengine, ufupisho huu hauiharibu lugha yote kwa kiasi kimoja. Huigonga mahali pawili au patatu panapojulikana, na mwalimu anayepajua anaweza kufundisha somo zuri la mofolojia kwa kutumia simu ya mwanafunzi wake. Sisi tuliofundisha viambishi vya nafsi kwa miaka mingi kwa kuchora jedwali ubaoni, hatujapata kuona darasa likielewa haraka kama lilivyoelewa baada ya kisa cha "hkj".

Jambo la pili tuliloliona ndilo lililotushangaza. Usiku mmoja kundi lilipata habari kwamba mwenzao amefiwa na mama. Kuanzia dakika ile "xaxa" zote zilitoweka. Hapakuwa na "c" wala "2". Kijana ambaye kwa miezi mitatu hakuwahi kuandika irabu mbili mfululizo aliandika: "Pole sana ndugu yangu. Tutakuja kesho kukuzika mama pamoja nawe." Sarufi ina kosa, maana alitaka kusema "kumzika mama", na mwenye kalamu nyekundu angelizungushia duara. Lakini alitafuta neno zima, akaliandika kwa ukamilifu, kwa sababu aliona kuwa msiba haustahili maneno yaliyovunjwa. Basi vijana hawa wanajua. Wana lugha ya baraza na lugha ya matanga, nao huvuka kutoka moja hadi nyingine bila kuamrishwa. Mwanaisimu angeiita hiyo rejista; bibi yangu, kama wasemavyo watu, angeiita adabu.

Ujumbe huo ulikuwa wa kwanza. Uliofuata ulikuwa rambirambi iliyotungwa na mtu asiyejulikana, yenye malaika, bustani na mishumaa. Uliofuata baada ya huo ulikuwa ule ule, umenakiliwa. Ukaja wa tatu, wa nne, wa tano, yote nakala, kila mmoja ukisindikizwa na vile vijisura vya manjano vinavyotoa machozi. Mfiwa aliwajibu wote kwa pamoja "asanteni", lakini aliyejibiwa kwa jina lake ni yule mmoja tu aliyekosea sarufi.

Hapa ndipo tunapotofautiana kabisa na mwenzetu aliyeleta hoja. Yeye ameuona ugonjwa katika irabu zilizokatwa, nasi tumeuona katika maneno yaliyonakiliwa. Anayeandika "cjui" amefikiri, japo kwa haraka. Anayesambaza maandishi ya mwingine hakufikiri kabisa, ingawa maandishi hayo yana irabu zote na nukta zote mahali pake. Asubuhi kundi hufunguliwa kwa sala zilizotoka mbali, hufuatwa na mawaidha juu ya mafanikio, kisha misemo iliyopachikwa jina la Nyerere au la Shaaban Robert, ambayo mtu aliyewasoma wazee hao hujua mara moja kwamba si yao, kwa kuwa Kiswahili chake kimenuka tafsiri. Kampuni yenyewe iliona hatari ya mtindo huu. Januari 2019 ilizuia ujumbe usisambazwe kwa zaidi ya makundi matano kwa mara moja, na Aprili 2020, wakati wa janga la Korona, ikazuia ule uliokwisha kusambazwa sana usipelekwe ila mahali pamoja kwa wakati mmoja. Hatua hizo zilichukuliwa kwa sababu ya uvumi na uongo. Sisi twaongeza sababu ya lugha: mwanafunzi anayesambaza aya kumi kila siku huona amekitumia Kiswahili, kumbe Kiswahili ndicho kilichomtumia.

Inafaa pia tuseme neno juu ya zile "stetasi", yale maneno ambayo kijana huyatundika katika simu yake yakaonekana kwa muda wa saa 24 kisha yakatoweka. Walimu wengi huyadharau. Kwa maoni yetu, ni sanaa iliyo karibu mno na jina la kanga. Mwenye kanga humwambia jirani yake neno bila kumtaja, na kila mpita njia husoma, lakini anayechomwa ni mmoja. Stetasi hufanya kazi hiyo hiyo. Yule kijana aliyejitoa kundini alitundika maneno haya kwa siku moja: "Mkono uliobeba ndio uliopigwa." Hakumtaja mtu. Tunaomba wasomaji waupime mshororo huu kwa masikio yao. Una mizani kumi na tano, una fumbo, na una maumivu ya kweli. Angeandika insha juu ya "Kisa kilichoniudhi" tungempa alama arobaini.

Kuhusu maudhui hatutakaa sana. Vijana huzungumza juu ya karo, mapenzi, kazi isiyopatikana, na mpira wa Uingereza kuliko yote. Siasa haimo, na mhakiki yampasa aone hata kisichokuwamo. Tangu tarehe 1 Julai 2018 hadi mwaka 2021 kila Mganda aliyetaka kuingia katika mitandao hii alilipa kodi ya shilingi 200 kwa siku, yaani shilingi 73,000 kwa mwaka mzima, kabla ya kununua bando lenyewe. Kodi hiyo ilipoondolewa, ikaja nyingine ya asilimia 12 juu ya bei ya data. Jioni ya tarehe 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi, intaneti ya nchi nzima ilizimwa, ikarudishwa tarehe 18. Hata iliporudi, Facebook ilibaki imefungwa. Mwaka 2022 ikaja sheria kali juu ya yanayoandikwa katika kompyuta na simu. Mmoja wa vijana hawa, ambaye wakati ule alikuwa bado shuleni, alitueleza ya kwamba katika siku zile tano ndugu zake walirudi kwenye ujumbe mfupi wa kulipia, na ndipo yeye alipojifunza kukata irabu. Tunaandika hayo ili msomaji asidhani kwamba fani hii imetokana na uvivu peke yake. Bei ya herufi imepanda na kushuka, na lugha imepanda na kushuka nayo.

Tena, uwanja wenyewe si mali ya vijana. WhatsApp ilinunuliwa na Facebook mwaka 2014 kwa bei ya dola za Marekani zipatazo bilioni 19. Wenye mali hiyo hawakuiunda wakifikiria ngeli zetu, na simu nyingi za vijana hawa, zikiwa zimewekwa Kiingereza, huyageuza maneno ya Kiswahili kuwa ya Kiingereza kabla mwandishi hajatahamaki. Kuna makosa ambayo tumeyahesabu kuwa ya wanafunzi, kumbe ni ya chombo. Na kuna vijana ambao hawamo kundini kabisa. Mabinti wawili wa darasa hilo hawana simu. Mmoja husoma ujumbe Jumapili katika simu ya kaka yake, mbele ya macho ya kaka yake.

Turudi kwenye sanaa. Sehemu bora ya yote tuliyopitia haikuandikwa. Tangu mwaka 2013 mtu anaweza kutuma sauti yake kupitia WhatsApp, na vijana wa kundi hili hupenda kufanya hivyo wanapochoka kubonyeza herufi. Tulisikiliza masimulizi ya binti mmoja wa Gulu juu ya safari ya basi lililoharibika njiani usiku. Kiswahili chake hakikuwa cha Unguja wala cha kitabuni. Lakini alijua mahali pa kunyamaza. Alimwigiza kondakta, akamwigiza bibi mwenye kuku, kisha akashusha sauti alipofika kwenye giza la msitu. Kwa muda wa dakika tatu ilikuwa ni fasihi simulizi kamili, yenye fanani, na hadhira iliyokuwa ikimjibu kwa vicheko kutoka wilaya saba. Wasemaji wa Kiluganda miongoni mwao hubadilishana "r" na "l", nasi tulipokuwa tukisikiliza tuligundua kwamba wenyewe hurekebishana kwa utani, jambo ambalo darasani huwatia aibu. Neno "webale sana", nusu Kiluganda nusu Kiswahili, limekuwa shukrani ya kawaida kundini. Tulitaka kulipinga, tumeshindwa kupata sababu.

Baada ya kisa cha "hkj" tulifanya jaribio dogo. Tuliwakumbusha vijana ya kwamba katika karne ya kumi na tisa washairi wa Mombasa na wa Lamu walipelekeana mashairi ya kujibizana wakati wa vita vya Kuduhu, na kwamba aliyejibu alipaswa kujibu kwa mizani. Tukawaomba wafanye hivyo kwa simu. Kwa siku mbili hakuna aliyejibu, nasi tulidhani tumeshindwa. Siku ya tatu kijana mmoja alituma:

Ulinitumia neno, irabu umezinyima,
Likabaki kama meno, yasiyo fizi na nyama,
Nilisome kwa mfano, wa nani aliyesema?
Nakuomba kwa hisani, rudisha tuone vyema.

Kesho yake, kabla ya jua kuchomoza, jibu lilikuwa limefika. Alilituma yule binti aliyeandika "hkj":

Irabu sikukunyima, ni bando lililokwisha,
Nilikuwa nimesema, simu ikanikatisha,
Ukisoma kwa huruma, maana itakutosha,
Asiyejua kupenda, herufi humkwamisha.

Tuzihakiki beti hizi bila upendeleo. Mizani ni kumi na sita katika kila mshororo, nane kwa nane, na tumezihesabu mara mbili. Katika ubeti wa kwanza picha ya meno yasiyo fizi ni nzuri, nayo ni sahihi hata kiisimu, maana konsonanti bila irabu haina pa kushikamana. Mshororo wa tatu ni dhaifu. "Kwa mfano wa nani aliyesema" ni maneno yaliyoburutwa na kina, na kituo kinaomba badala ya kudai. Ubeti wa pili una nguvu zaidi. Mtungaji ameanza na udhuru wa bando, udhuru ambao kila mwalimu ameuchoka, kisha katika kituo akaugeuza ukawa shtaka: kosa halikuwa la mwandishi aliyekata irabu bali la msomaji aliyezijaza kwa chuki. Sisi hatukubaliani naye kabisa. Mwandishi anayeondoa nafsi katika kitenzi hana haki ya kudai huruma ya msomaji. Lakini amejibu kwa hoja, amejibu kwa vina, na amejibu katika kundi lile lile ambalo twatakiwa tulifunge. Wasomaji wa umri wetu watakumbuka kelele zilizopigwa Euphrase Kezilahabi alipochapisha "Kichomi" mwaka 1974, tukaambiwa kwamba vina vimekufa. Vina havikufa, wala Kezilahabi hakumzuia mtu kutunga.

Limebaki jambo moja lenye uchungu, nalo latuhusu sisi. Chama chetu nacho kina kundi lake la WhatsApp. Tumelipitia kwa jicho lile lile tulilowapitia nalo vijana. Mialiko ya mikutano imeandikwa kwa Kiingereza. Taarifa za ada zimeandikwa kwa Kiingereza. Pongezi za siku ya Kiswahili duniani, tarehe 7 Julai, zilianza kwa maneno mawili ya Kiswahili na zikaendelea kwa Kiingereza hadi mwisho, tena nyingi zilikuwa za kunakili. Hatukuona "xaxa" hata moja humo, kwa kuwa hapakuwa na "sasa" ya kuharibu. Tukimpunguzia alama kijana aliyekata irabu, tutampunguzia nini mwalimu aliyeikata lugha nzima?

Kwa hiyo tutaipinga hoja itakaporudishwa. Tutapendekeza makundi yaachwe wazi. Insha ziendelee kusahihishwa kwa tahajia sanifu bila kulegeza. Somo la viambishi vya nafsi lifundishwe kwa ujumbe halisi wa wanafunzi, kwa ridhaa yao. Na kila muhula yafanyike majibizano ya mashairi na masimulizi ya sauti kwa simu, na yaliyo bora yachapwe katika jarida hili. Kuhusu maandishi ya kunakili hatuna dawa iliyo tayari, na tungependa kusikia kutoka kwa wenzetu wa vyuo vingine, hasa wa Rwanda na Burundi, jinsi walivyokabiliana nayo.

Mkutano utafanyika mwishoni mwa muhula. Katibu ametuahidi ya kwamba mwaliko wa safari hii ataandika kwa Kiswahili.